Homoni ya kiume: nani anaihitaji, nani anauziwa?

*Baada ya alkasusu na supu ya pweza, sasa ni zamu ya testosteroni. Ni dawa ya kweli kwa ugonjwa wa kweli, lakini wengi wanaoitafuta wana tatizo jingine ambalo hakuna aliyewauliza.*

Jioni, pilikapilika za Kariakoo zikianza kupungua, toroli la muhogo mbichi hupata wateja wake. Muuzaji humenya muhogo kwa kisu kifupi, akaukata vipande vya urefu wa kidole, akaongeza vipande vya nazi na kiganja cha karanga mbichi, akafunga. Wateja karibu wote ni wanaume. Vijana hula palepale wakitaniana kuhusu kazi inayowasubiri nyumbani. Wenye umri wa makamo hununua bila maneno mengi, wakalipa na kuondoka na furushi lao.

Hatua chache mbele, birika la alkasusu linafuka. Kwenye nguzo ya umeme kumebandikwa karatasi yenye namba ya simu na ahadi ya kumaliza tatizo la nguvu za kiume kwa siku chache. Pembeni yake pana tangazo jingine, la vumbi la Kongo.

Zanzibar na Mombasa mwenye shida hiyo huelekezwa kwenye supu ya pweza. Kakamega hupewa mzizi wa mukombero autafune. Kampala hupewa mulondo, ambao ni mmea uleule kwa jina la Kiganda. Biashara hii ni kongwe, na haijawahi kukosa mteja.

Siku hizi kuna bidhaa nyingine inayopita mkondo tofauti. Jina lake ni testosteroni, homoni kuu ya kiume, inayotolewa kwa sindano, jeli au vidonge. Habari zake husikika kwenye jimu, kwenye video za simu na kwa wenye kliniki binafsi. Maelezo yanayoambatana nayo ni mepesi: mwanaume akivuka miaka 40 homoni hushuka, ndiyo maana anachoka, anaota kitambi na kupoteza hamu; basi kirudishwe kilichopungua.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Yanachoacha nje ndicho kinachoweza kumgharimu mtu uzazi wake, na wakati mwingine moyo wake.

Mteremko, si poromoko

Testosteroni hutengenezwa zaidi na korodani, kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayomvunja mvulana sauti na kumwotesha ndevu. Kwa mtu mzima hutunza hamu ya tendo la ndoa, misuli na mifupa, na huchochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu.

Kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni kati ya nanogramu 300 na 1,000 kwa kila desilita ya damu. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu kuelekea arobaini, hushuka kwa wastani wa takriban asilimia 1 kwa mwaka.

Hapo ndipo mwanaume anapotofautiana na mwanamke. Mwanamke akifikia ukomo wa hedhi, homoni zake huporomoka ndani ya miaka michache, na hakuna anayekwepa. Kwa mwanaume hakuna kikomo cha namna hiyo. Wapo wazee wa miaka 75 ambao damu yao ingepita kwenye kipimo cha kijana, na wapo wa miaka 45 waliokwisha kushuka chini ya mstari.

Kwa hiyo swali si kama homoni inashuka. Swali ni wangapi hushuka kiasi cha kuugua.

Jibu linalotajwa zaidi lilitoka mwaka 2010 katika jarida la *New England Journal of Medicine*. Watafiti waliwachunguza wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 katika vituo vinane vya Ulaya. Waliwauliza kuhusu uchovu, huzuni, udhaifu wa mwili na mambo ya unyumba, kisha wakalinganisha majibu na damu zao.

Waligundua kwamba dalili zilizofuatana na upungufu kwa uhakika zaidi ni tatu: hamu kupungua, uume kutosimama alfajiri, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo. Uchovu na huzuni vilikuwa vya wengi, wakiwemo wenye homoni ya kutosha. Walipotaka dalili zote tatu ziwepo pamoja na kiwango kilichoshuka, waliobaki walikuwa wachache mno.

> Kati ya wanaume 3,369 wa Ulaya, waliotimiza masharti yote ya upungufu wa homoni unaotokana na umri walikuwa asilimia 2.1 tu.

Kutoka maabara hadi sokoni

Tamaa ya kurudisha ujana kwa sindano haikuanza jana. Mwaka 1889, mjini Paris, mtaalamu maarufu wa fiziolojia Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyekuwa na miaka 72, aliwaambia wanasayansi wenzake kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na simbilisi. Alidai nguvu zimemrudia. Leo inafahamika kwamba maji hayo hayangeweza kubeba homoni ya kutosha kumfanya lolote. Kilichomnyanyua ni matumaini yake mwenyewe.

Homoni halisi ilipatikana mwaka 1935. Kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam liliitoa kwenye korodani za madume ya ng'ombe. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, waliitengeneza kwenye maabara kutoka kwa kolesteroli. Wawili hao walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1939.

Kwa zaidi ya nusu karne testosteroni ilibaki dawa ya wachache. Ilitolewa kwa waliozaliwa na kasoro, waliopoteza korodani au waliougua pituitari. Mambo yalibadilika Marekani mwaka 2000, jeli ya kupaka mabegani iliporuhusiwa kuuzwa. Matangazo ya televisheni yakaanza kuwauliza wanaume wa makamo kama wanasinzia baada ya chakula cha jioni.

Nani hasinzii? Uchunguzi wa kumbukumbu za bima nchini humo ulionyesha kwamba wanaume wa miaka 40 na zaidi waliokuwa wakitumia dawa hiyo waliongezeka kutoka asilimia 0.81 mwaka 2001 hadi asilimia 2.91 mwaka 2011. Takriban robo ya walioanzishiwa hawakuwa na kumbukumbu ya kupimwa homoni katika mwaka uliotangulia.

Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji waandike kwenye maelezo ya dawa kwamba hairuhusiwi kwa ajili ya mteremko wa uzee peke yake, na kwamba huenda inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kesi ya moyo

Onyo hilo lilizaa utafiti mkubwa kuliko tafiti zote zilizotangulia. Uliitwa TRAVERSE. Uliwachukua zaidi ya wanaume 5,200 wa miaka 45 hadi 80, wenye homoni ya chini na dalili zake, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au walikuwa hatarini kuupata. Nusu walipaka jeli yenye testosteroni, nusu jeli tupu, na hakuna aliyejua amepewa ipi.

Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi viliwapata asilimia 7.0 ya waliotumia homoni na asilimia 7.3 ya wenzao. Kwa kipimo hicho, dawa ilifutiwa shtaka kuu. Mwanzoni mwa 2025 FDA iliagiza onyo la moyo liondolewe kwenye kisanduku cha juu cha maelezo ya dawa, lakini ikaongeza tahadhari kuhusu kupanda kwa shinikizo la damu. Maneno yanayosema si dawa ya uzee yalibaki palepale.

Na si mashtaka yote yaliyofutwa. Waliotumia testosteroni walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madonge ya damu kwenye mapafu na matatizo ya ghafla ya figo. Uchambuzi uliofuata, wa mwaka 2024, ulileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia: waliotumia homoni walivunjika mifupa zaidi kuliko waliopaka jeli tupu.

Hofu ya tezi dume ina historia yake. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba kuondoa homoni ya kiume hupunguza makali ya saratani ya tezi dume, madaktari waliamini kwamba kuiongeza kungeiwasha. TRAVERSE haikuona ongezeko la kutisha, lakini wenye dalili za saratani hiyo walikuwa wamechujwa kabla ya kuanza. Katika nchi zetu, ambako saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume na wengi hufika hospitali wamechelewa, mchujo huo ndio unaorukwa kwanza.

Wanaosema wanaume wamesahauliwa

Kuna madaktari wanaoona kwamba kelele za hatari zimewafunika wagonjwa halisi. Hoja yao ina uzito, hasa huku kwetu.

Upungufu wa testosteroni ni ugonjwa wenye sababu zinazotambulika. Kuna wanaozaliwa na kromosomu ya ziada, hali iitwayo sindromu ya Klinefelter, na wengi wao hawajui mpaka wakose mtoto. Kuna aliyeugua matubwitubwi akiwa mtu mzima yakashuka kwenye korodani. Kuna mwenye uvimbe kwenye pituitari, aliyepata matibabu ya saratani, mwenye selimundu, anayeishi na VVU.

Kuna pia kundi lisilotajwa sana: watumiaji wa dawa za jamii ya afyuni. Heroini, tramadoli na hata methadoni huzima amri inayotoka ubongoni kwenda kwenye korodani. Pwani ya Tanzania na Kenya inao wengi wa hao. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na dawa hiyo imeokoa maisha ya watu. Lakini mwanaume anayekunywa dozi yake kila asubuhi ana sababu ya kuulizwa pia kuhusu hamu yake na mifupa yake.

Kwa watu kama hawa testosteroni ni tiba, tena ya lazima. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Bila hiyo, mifupa hudhoofika, misuli hunyauka na damu hupungua.

Hata kwa wazee ambao upungufu wao hauna sababu nyingine, faida fulani zimeonekana. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi, yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2016, yalionyesha hamu kuongezeka kwa kiasi, upungufu wa damu kurekebika kwa baadhi, na ujazo wa mifupa kupanda. Kwa upande wa uchovu, jambo ambalo matangazo hulipigia debe kuliko yote, dawa haikuleta tofauti ya kujivunia.

Wanaosema ugonjwa uko kwingine

Upande wa pili hawakatai kwamba homoni imeshuka. Wanauliza nani kaishusha.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kitambi. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na unene hupunguza protini inayoibeba homoni kwenye damu. Kisukari cha ukubwani hutembea njia hiyohiyo. Halafu kuna pombe nyingi, vidonge vya prednisoloni vinavyomezwa kwa miezi, na usingizi mbovu wa mtu anayekoroma na kukatika pumzi usiku kucha. Mtu huyo wa mwisho akipewa testosteroni, kukatika pumzi kwake kunaweza kuzidi.

Habari njema ni kwamba mteremko wa aina hii unaweza kurudi nyuma. Mwanaume mnene akipunguza uzito kwa kiasi kikubwa, homoni yake hupanda yenyewe bila dawa.

Wanaotetea sindano wana jibu. Nchini Australia, utafiti wa T4DM uliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74 wenye vitambi na sukari iliyoanza kupanda. Wote walipewa mpango wa lishe na mazoezi. Nusu wakaongezewa sindano za testosteroni kwa miaka miwili. Mwishoni, asilimia 12 ya waliochomwa homoni walikuwa na kisukari, dhidi ya asilimia 21 ya wenzao.

Ni tofauti kubwa. Lakini zaidi ya mmoja kati ya watano wa waliochomwa homoni damu yao ilizidi kuwa nzito, chembe nyekundu zikavuka asilimia 54, kiwango ambacho miongozo inataka dawa isimamishwe. Watu hao walikuwa wakipimwa mara kwa mara. Mwanaume anayechomwa sindano nyuma ya kaunta mtaani hana wa kumwambia damu yake imefika wapi.

Kuna jambo zito zaidi. Kwa mwanaume wa makamo, uume kushindwa kusimama mara nyingi ni tatizo la mishipa ya damu kabla halijawa la homoni. Mshipa unaolisha uume una upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni 3 hadi 4. Sukari, shinikizo la damu, sigara na mafuta vinapoanza kuziba mishipa, mwembamba hutangulia kuonyesha. Katika wagonjwa wengi wa moyo, tatizo la chumbani lilianza miaka miwili mitatu kabla ya kifua kuuma.

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana sukari iliyozidi. Wengi wao hawakuwa wakijua. Kati ya hao wasiojua, wangapi jioni hiyohiyo walikuwa wakinunua alkasusu?

> Mshipa wa uume ni mwembamba kuliko wa moyo. Unapoanza kuziba, chumbani hujulikana kabla ya kifuani.

Sindano inayofunga uzazi

Hili ndilo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nalo ndilo linaloumiza zaidi katika jamii inayohesabu watoto.

Mwili huongoza testosteroni kwa mtindo wa boya la tangi la maji. Homoni ikipungua, pituitari hufungulia, ikijaa, hufunga. Ukimimina homoni kutoka nje, boya hupanda na bomba la ndani hufungwa. Korodani zikikosa amri husinyaa, na mbegu huacha kutengenezwa, kwa sababu mbegu huhitaji homoni inayozalishwa palepale ndani ya korodani. Ile ya sindano haitoshi kufanya kazi hiyo.

Jambo hili limethibitishwa kiasi kwamba testosteroni ilijaribiwa kama uzazi wa mpango wa wanaume. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 walichomwa miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja.

Fikiria basi mwanaume wa miaka 45 aliyeoa upya na anayetafuta mtoto. Hamu imepungua, anaambiwa apige sindano ajiweke sawa. Hamu inarudi, misuli inajaza shati, mke anafurahi. Mtoto haji. Mwaka unapita, na lawama zinamwangukia mke, ambaye huzungushwa hospitali na kwa waganga huku hakuna aliyemuuliza mume anachoma nini.

Kwa wengi mbegu hurudi dawa ikiachwa, lakini huchukua miezi, na kwa baadhi zaidi ya mwaka. Waliotumia dozi kubwa za kujenga mwili kwa muda mrefu husubiri zaidi. Ndiyo maana miongozo ya kitabibu inakataza kumpa testosteroni mwanaume anayetaka mtoto karibuni. Kwa mtu kama huyo daktari bingwa anazo dawa nyingine zinazochochea korodani zifanye kazi zenyewe.

Karatasi ya maabara

Tuchukue mfano wa dereva wa lori wa miaka 49 anayepeleka mizigo Lubumbashi. Ameingia Dar es Salaam alfajiri baada ya kukesha barabarani. Amekunywa chai na chapati mbili, amesinzia kidogo kwenye kabini ya lori, na saa tisa alasiri anatolewa damu. Karatasi inasoma nanogramu 270. Kando ya namba kuna herufi inayoonyesha kwamba iko chini.

Kwa muuzaji, kazi imekwisha. Kwa daktari makini, karatasi hiyo haijasema kitu.

Testosteroni huwa juu asubuhi na hupungua mchana. Chakula huishusha kwa saa kadhaa, kukosa usingizi huishusha, na homa ya malaria au ugonjwa wowote wa ghafla huishusha. Dereva wetu amekutana na vitatu kati ya hivyo kabla ya sindano kuingia kwenye mshipa.

Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2018, kinataka mambo matatu kwa pamoja: kiwango chini ya nanogramu 300, kipimo kirudiwe siku nyingine asubuhi mapema, na mgonjwa awe na dalili. Chama cha wataalamu wa homoni kinaongeza kwamba damu itolewe kabla ya kula. Kwa saa zetu, hiyo ni kati ya saa moja na saa nne asubuhi, baada ya usiku wa kulala.

Kiwango kikithibitika kuwa chini, hupimwa amri ya pituitari, homoni iitwayo LH. Ikiwa juu, korodani ndizo zilizochoka. Ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, ubongoni, au ni unene, dawa anazotumia, au ugonjwa mwingine. Bila kipimo hicho, uvimbe wa pituitari unaweza kufunikwa na sindano kwa miaka.

KABLA YA KUKUBALI SINDANO, ULIZA:

- Je, nimepimwa mara mbili, asubuhi, kabla ya kula?
- LH imepimwa? Sukari, shinikizo la damu na mafuta je?
- Tezi dume na wingi wa chembe nyekundu vimeangaliwa, na vitarudiwa lini?
- Bado nataka mtoto? Daktari anajua?
- Nikianza, nitaacha lini? Na nikiacha, nini kitatokea?
- Kama ni jeli, nitamkingaje mwanangu nisimpake ninapombeba?

Swali la mwisho si la mzaha. Mwaka 2009 FDA ililazimika kutoa onyo baada ya watoto wadogo waliogusa ngozi ya watu wazima wanaotumia jeli kuanza kuota nywele za sehemu za siri kabla ya wakati.

Nani anasimamia soko

Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA; Kenya ina Bodi ya Famasi na Sumu. Testosteroni ni dawa ya cheti, na haipaswi kuuzwa kama panadoli. Dawa za asili nchini Tanzania zina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kati ya wasimamizi wa dawa za viwandani na wale wa dawa za asili kuna uchochoro. Duniani kote, wakaguzi wa dawa wamekuta tena na tena unga na vidonge vinavyoitwa vya asili vikiwa vimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya viwandani ya kusimamisha uume. Mnunuzi husifu mizizi kumbe kilichofanya kazi ni kemikali. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya jamii ya nitrati, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha ghafla hadi kuua.

Muhogo, nazi na karanga havina hatari hiyo. Ni chakula kizuri, na hakuna ubaya mtu akila. Hatari yake ni nyingine: humpa mtu jambo la kufanya wakati kisukari kinaendelea na kazi yake.

Mgonjwa asiyekataa kuja

Wahudumu wa afya hulalamika kwamba wanaume hawaji kupima. Hawaji kwa presha, hawaji kwa sukari, na kwenye tezi dume huja wameshazibwa mkojo. Lakini kwa nguvu za kiume huja, hulipa, hurudi, na wala hawaulizi bei mara mbili. Wanachofanya ni kwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu huko hawaoni haya na hawapangwi foleni mbele ya muuguzi mwenye umri wa binti yao.

Hapo ndipo penye kazi, na haihitaji mashine ngeni. Kliniki ya wilaya inayotenga chumba chenye faragha na mhudumu anayejua kuuliza kuhusu unyumba bila kuona aibu inaweza, kwa mkanda wa presha, tone la damu ya kidole na futi ya kupimia kiuno, kuwatambua wengi ambao leo hugundulika wakiwa wamepooza upande mmoja. Wale wachache ambao homoni yao kweli imekwisha watapatikana humohumo, na hao wapelekwe kwa bingwa wapewe dawa yao bila kubezwa.

Kinachotakiwa ni kubadili swali la kwanza. Mwanaume wa miaka 50 akisema nguvu zimepungua, aulizwe kwanza sukari yake ni ngapi. Anayemuuzia sindano bila kumuuliza hivyo hajamtibu, hata kama sindano yenyewe ni halisi.